Aliyesimama Nyuma ya Jiko la Nyama Choma

Mtu anayemeza moshi mwingi kuliko wote kwenye baa ya nyama choma mara nyingi hajala hata kipande. Amesimama nyuma ya jiko tangu alasiri, kipande cha boksi mkononi cha kupepea makaa, akigeuza mbavu za mbuzi zilizoagizwa na wengine. Tone la mafuta likianguka kwenye makaa linalia chwaa, moshi mzito unapanda, naye anafumba jicho moja, anageuza uso pembeni na kuendelea na kazi. Saa sita usiku bado yupo. Wanaojadili saratani ni wateja walioketi mbali, upande ambao upepo hauleti moshi.

Mjadala wenyewe unajulikana. Mmoja amepokea ujumbe kwenye simu unaosema nyama choma ni sumu. Mwingine anajibu kwamba babu yake alikula nyama maisha yake yote na alikufa mzee. Wa tatu anachukua kisu na kuanza kukwangua sehemu zilizoungua kabla hajatia kipande kinywani. Kisha kachumbari inaletwa, imekatiwa kwenye ubao uleule uliokatiwa nyama mbichi, na hakuna anayeuliza kitu. Hatari za nyama choma zipo, ila tumezipanga kichwa chini miguu juu. Inayotutisha zaidi ni ile inayokuja polepole, tena kwa uzito mdogo. Zinazoua haraka, na ile inayomla mtu asiye na sauti, tunakaa nazo meza moja.

Tuanze na hiyo inayotutisha, maana ina ukweli wake. Nyama ya msuli ina chembechembe za protini, sukari kidogo na kitu kiitwacho kriatini. Joto likizidi nyuzi 150 za Selsiasi, vitu hivyo hukutana na kuunda kemikali zenye uwezo wa kuharibu vinasaba. Hilo hutokea ndani ya nyama yenyewe, hata ukiipika kwenye kikaango. Jiko la makaa lina la ziada. Mafuta yanadondoka, yanaungua nusunusu, na moshi wake unapanda na kujipaka juu ya nyama ukiwa umebeba kemikali za kundi jingine, zilezile zinazopatikana kwenye lami, masizi na moshi wa sigara. Miongoni mwake imo benzopireni, ambayo IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, imeiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mjapani Takashi Sugimura ni miongoni mwa waliolifungua jambo hili. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walipima moshi wa samaki wa kuchoma na ngozi yake iliyoungua, wakakuta vitu vinavyobadilisha vinasaba vya bakteria.

Hofu ya umma ilipanda Oktoba 2015. Wataalamu 22 kutoka nchi 10 walikutana chini ya IARC mjini Lyon, Ufaransa, wakiwa na tafiti zaidi ya 800 mbele yao. Nyama za kusindikwa, yaani soseji, bekoni na za kopo, waliziweka kundi la kwanza. Nyama nyekundu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe wakaiweka kundi la 2A, la vitu ambavyo yumkini vinasababisha saratani. Walikadiria kwamba kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa zinazoliwa kila siku zinaongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Vyombo vingi vya habari viliona maneno "kundi moja na tumbaku" vikaishia hapo. Makundi hayo hupima uthabiti wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Kwa makadirio ambayo Shirika la Afya Duniani liliyanukuu wakati huo, ulaji mkubwa wa nyama za kusindikwa ulihusishwa na vifo vya saratani kama 34,000 kwa mwaka duniani kote, na tumbaku vifo kama milioni moja. Kuhusu njia ya kupika, wataalamu hao walisema data hazikutosha kuamua.

Kwa hiyo mzazi anayemnyang'anya mtoto ubavu ulioungua kwenye sherehe ya kuzaliwa, akampa soseji mbili badala yake, amemtoa kundi la 2A akampeleka kundi la kwanza. Nimeliona hilo mara nyingi na sijawahi kuona mtu akishtuka.

Anayekula nyama choma mara moja moja hana sababu ya kukosa usingizi. Anayekula kila jioni, bia pembeni na chumvi ya kuchovya juu ya chumvi ya jikoni, huenda akafikiwa kwanza na mambo mengine: gauti, presha, uzito. Saratani iko nyuma kwenye foleni.

Hata hiyo iliyo nyuma, kuipunguza ni rahisi. Mwaka 2000 watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore ya California walichapisha matokeo ya jaribio dogo na la maana: nyama ya kusaga iliyokaangwa huku ikigeuzwa kila dakika ilikuwa na kiasi kidogo sana cha kemikali zinazoundwa ndani ya nyama kuliko ile iliyoachwa upande mmoja kisha ikageuzwa mara moja, na katikati yake ilifikia upesi joto la kuua vijidudu. Mchoma mishikaki wa uswahilini asiyeacha mishikaki itulie amekuwa akifanya hivyo bila maabara. Kuilaza nyama kwenye limau, kitunguu saumu na viungo kabla ya kuichoma pia kumeonekana kupunguza kemikali hizo.

Halafu wapo Wamaasai. Kwenye orpul, ile kambi ya porini ambako wanaume hujitenga kula nyama na kunywa supu ya mizizi, nyama hutungwa kwenye vijiti virefu vinavyochomekwa ardhini kandokando ya moto, vikiinamia miali kwa pembeni. Moto uko kando, nyama iko kando, na mafuta yanadondoka kwenye udongo. Tone lisipogusa kaa, moshi wa mafuta haupo. Sisi wa mjini tulipoleta wavu juu ya pipa tuliiweka nyama mahali pabaya kuliko pote, moja kwa moja juu ya makaa. Dawa ni kusogeza makaa upande mmoja na nyama upande wa pili. Inachukua muda zaidi, na mteja mwenye njaa hapendi kusikia hivyo.

Sasa turudi kwa aliyesimama pale.

Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika juu ya saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani iliyokuwa ikiwapata wasafisha dohani, watu walioanza kazi hiyo wakiwa watoto wadogo na kukaa na masizi mwilini siku hadi siku. Ndiyo mara ya kwanza kwa saratani kufungamanishwa na kazi ya mtu. Baadaye, katika miaka ya 1930, wanakemia wa jiji hilohilo walipata benzopireni kwenye lami ya makaa ya mawe, jamaa wa karibu wa masizi yale. Ni kemikali ileile inayopanda kutoka kwenye jiko la mbuzi choma. Tofauti ni kwamba mlaji huipata kwa kipande, na mchomaji huipata kwa zamu nzima.

Tena haimfikii kwa mapafu peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jinan, Guangzhou, China, waliwaweka watu waliojitolea karibu na majiko ya kuchomea nyama, wengine wakila na wengine wakikaa tu, kisha wakapima mikojo yao. Chakula kiliongoza kwa kuingiza kemikali mwilini, lakini cha pili kilikuwa ngozi, na hewa ya kuvuta ikawa ya mwisho. Nguo zilizuia kwa muda mfupi. Zikishashiba moshi, zenyewe zinageuka kuwa chanzo. Kikulacho ki nguoni mwako, kwa mara hii bila fumbo lolote. Kijana anayefunga jiko usiku wa manane na kulala na fulana ileile kwa sababu mgao wa maji haujafika bado yuko kazini.

Ongeza chembechembe ndogo za moshi zinazofika chini kabisa kwenye mapafu, joto la makaa usoni, na kaboni monoksidi ambayo mkaa huitoa kwa wingi hata unapoonekana hauna moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majikoni majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Tanzania imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034, na mama anayepika kwa kuni ametajwa sana, kwa haki yake. Mchoma nyama wa baa sijamsikia akitajwa.

Anachochoma nacho pia kinahitaji kuangaliwa. Mkaa ulionunuliwa gunia kwa gunia mara nyingi ni mkaa tu. Taabu inaanza mkaa ukigoma kuwaka, au ukipanda bei. Hapo mfuko wa plastiki unawekwa chini yake, kitu kinachofanyika mpaka leo ingawa Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Vifungashio havijaisha mitaani, na plastiki ikiungua kwenye moto wa chini huacha mafusho ya sumu, nayo nyama haiko mbali. Wengine huongeza mabaki ya mbao za ujenzi. Mbao au nguzo iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, hasa ile yenye rangi ya kijani iliyofifia, huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Ikichomwa, aseniki haiteketei. Nyingine inaondoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Ubao wa namna hiyo haufai kuchomea kitu chochote kinacholiwa, hata mahindi.

Jiko lenyewe mara nyingi ni pipa lililokatwa katikati na fundi wa kuchomelea. Swali la kumuuliza fundi ni pipa lilibeba nini kabla. La mafuta ya kula ni jambo moja, la kemikali ya kiwandani au lenye rangi ndani ni jambo jingine. Nyavu na spoku za baiskeli zinazogeuzwa kuwa vijiti vya mishikaki nyingi zimepakwa zinki ili zisishike kutu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na kaa jekundu linapita hapo kwa mbali. Mafusho yake yanaweza kumpa mtu homa na kutetemeka saa chache baadaye, hali inayofanana sana na malaria. Vijiti vya chuma kisichoshika kutu vinapatikana, na vinadumu.

Kwa wenye majiko ya kisasa ya uani, ipo hatari nyingine ambayo haimjii mtu akilini: brashi ya waya. Nyuzi zake hukatika, hunasa kwenye wavu, kisha hushika nyama. Mwaka 2012 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza habari za wagonjwa sita wa Providence, Rhode Island, waliomeza nyuzi hizo, wengine zikiwachoma kooni na wengine zikitoboa utumbo. Futa wavu kwa kitambaa kilicholowa baada ya kupiga brashi, yatosha.

Nimefika kwenye ubao na kisu, na hapa nitakaa kidogo.

Vijidudu vya nyama ya kipande kizima hukaa juu. Moto ukiubabua uso wa paja la ng'ombe, wekundu wa ndani hautishi sana. Nyama ikisagwa, ya juu imekuwa ya ndani, na kababu au baga yenye wekundu katikati ni jambo tofauti kabisa. Mwaka 1993 nchini Marekani baga zisizoiva za msururu mmoja wa migahawa ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue na kuua watoto wanne, kwa bakteria aina ya E. coli. Kuku naye hana msamaha hata akiwa kipande kizima. Salmonela na kampilobakta ni wakazi wake wa kawaida, na Shirika la Afya Duniani linataka katikati ya nyama ifike nyuzi 70. Mtindo wa kuchoma kuku nusu mchana, kumpanga kwenye sinia, kisha kummalizia mteja akifika usiku ni wa hatari kwa sababu joto la katikati halikuua, na saa zilizofuata ziliwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana.

Lakini kuku aliyeiva vizuri bado anaweza kuangushwa na ubao. Nyama mbichi ikatwe hapo, ubao ufutwe kwa kitambaa kilichofuta kila kitu tangu asubuhi, nyanya na kitunguu vikatwe palepale: kachumbari haitapita motoni tena. Chochote kilichokuwa kwenye maji ya nyama mbichi kinaingia mdomoni kikiwa hai. Ukiniuliza kitu kimoja cha kubadilisha kwenye baa zote za Afrika Mashariki kesho asubuhi, nitasema ubao wa pili.

Kwenye kitimoto kuna kisa kinachoelezwa vibaya mara kwa mara. Nyama ya nguruwe yenye malengelenge ya minyoo, isipoiva, humpa mlaji tegu anayeishi utumboni. Kifafa ambacho watu hukihusisha na nyama hiyo kinakuja kwa njia nyingine: mayai ya tegu huyo yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu, yakamezwa na mtu kupitia mikono au mboga, yakaanguliwa, na mabuu yake yakafika hadi kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linahusisha tegu huyu na asilimia 30 hivi ya kifafa katika maeneo mengi ambako nguruwe huzurura karibu na watu. Maana yake hata asiyegusa nguruwe maishani anaweza kuugua kwa sababu ya anayemla bila kuiva na asiyenawa mikono, na wakati mwingine huyo ndiye anayekata kachumbari.

Kibudu hakihitaji maelezo mengi. Waislamu wamekatazwa, na madaktari wa mifugo wanasema vilevile kwa sababu yao. Ugonjwa wa kimeta, kwa mfano, ulizuka mwaka 2023 Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Zimbabwe. Mbegu za bakteria wake ni sugu, na moto wa kuchomea nyama si wa kutegemea. Anayechuna mzoga huambukizwa hata kabla jiko halijawashwa. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi, ikiwa na bei ya kushangaza, ina sababu ya bei hiyo.

Inayoua upesi kuliko zote haina hata harufu. Mvua ikianza kunyesha, watu wa sherehe huingiza jiko sebuleni au chini ya turubai lililofungwa pande zote. Huko Njombe, Makete, Limuru na kwingine kwenye baridi, makaa yaliyobaki baada ya kuchoma huhamishiwa chumbani yapashe joto usiku. Kaboni monoksidi hunasa kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata kiasi kidogo hewani kinatosha kuinyima oksijeni nafasi yake. Kwanza kichwa kinagonga, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Aliyekunywa bia chache anadhani ni bia. Analala. Makaa yaliyofunikwa majivu, yanayoonekana yamenyamaza, bado yanaitoa. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko linabaki nje, na ukimkuta mtu amezimia chumbani mwenye jiko, mtoe kwenye hewa safi kwanza, maswali baadaye.

Kwenye majeraha ya moto sitakawia. Petroli au mafuta ya taa hayamwagwi juu ya makaa yaliyokwisha kushika, kwa sababu moto hupanda mkondo hadi kwenye kopo mkononi. Na ufukweni, iwe Kigamboni au Nyali, tafadhali usifukie makaa mchangani. Mchanga huyaficha na kuyatunzia joto kwa saa nyingi, na anayekuja kuyakanyaga ni mtoto asiye na viatu. Yamwagie maji, yakoroge, yamwagie tena.

Narudi kwa mchomaji kwa sababu ya jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Kwenye baa nyingi jiko la nyama si la mwenye baa. Limekodishwa kwa mtu mwingine, naye amewaweka vijana wanaolipwa kwa siku, bila mkataba, bila bima. Kijana akikohoa miaka kumi, mwenye baa atasema si mfanyakazi wake, na mkodishwaji atasema jengo si lake. Sheria haiko kimya kiasi hicho. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina ya kwake ya mwaka 2007, na ile ya Kenya inamtaka mwenye eneo la kazi alinde afya ya watu wote wanaofanya kazi humo. Haikusema "isipokuwa wa jikoni".

Mwenye baa, weka dohani juu ya jiko, bomba pana linalovuta moshi kabla haujafika usoni. Fundi wa mabati wa mtaani anaiweza. Acha pande mbili wazi upepo upite, wape vijana maji ya kuogea na nguo ya kubadilisha, wapeane zamu. Na wewe mteja, kabla hujauliza kama nyama imeungua, uliza kachumbari imekatiwa wapi.